Fuwele za Mamaini

Tangu yuko darasa la tatu mama yake alimwita Profesa, na mtaa mzima ukalishika jina hilo, hata waliohamia baadaye wakadhani ni cheo. Chuoni alikuwa mhadhiri wa kawaida wa kemia, mwenye meza moja, kabati moja la kufuli bovu, na wanafunzi wengi kuliko viti. Lakini akirudi nyumbani, kuanzia kwa muuza magazeti mpaka kwa kinyozi, salamu ilikuwa "Shikamoo Profesa", naye hakuwahi kumsahihisha mtu. Jina tamu halikataliwi.

Mama yake alikuwa mkulima wa mboga. Yeye na wanawake wenzake wa kikundi walilima kando ya mfereji, na adui yao alikuwa mmoja, konokono. Ikinyesha mvua usiku, asubuhi majani yamekuwa chekecheke. Siku moja mama alimpeleka mwanawe mpaka ukingoni mwa mfereji, akamwonyesha kichaka kimoja ambacho konokono hukizunguka bila kukigusa.

"Wewe si ndiye Profesa?" akamwambia. "Basi niambie hiki kina nini."

Hapo ndipo yalipoanzia. Profesa alichimba mizizi ya kile kichaka, akaikausha, akaisaga, akaichemsha, akaichuja, akaizamisha katika dawa za kuyeyushia na kuiacha ikauke. Kwa majuma mengi alichopata ni uji wa kahawia unaonuka kama soksi za mwanajeshi. Kisha asubuhi moja akaikuta chupa yake imejaa fuwele nyeupe, nyembamba, ndefu, zinazong'aa kama nyuzi za hariri. Alizichota kidogo, akaziyeyusha katika maji, akanyunyizia majani ya mboga na kuwawekea konokono. Konokono wakatoa povu, wakajikunja, wakafa. Profesa alicheza peke yake maabarani, mtu mzima, mikono juu.

Kitu kipya hupewa jina. Yeye akakiita mamaini, kwa heshima ya mama yake. Mama alipoambiwa alijifuta macho kwa upindo wa kanga, halafu akaenda moja kwa moja kwa wenzake wa kikundi. Kufikia jioni mtaa wote ulikuwa unajua kwamba kuna dawa duniani inayoitwa kwa jina la mama yule.

Wiki ile ile ya bahati yake, mwenzake mmoja chuoni alipatwa na nuksi. Alikuwa mwalimu kijana, mwanamke mpole aliyesimamia mazoezi ya maabara ya mwaka wa kwanza. Zoezi lenyewe lilikuwa jepesi, la kutoa kafeini kwenye majani ya chai. Makundi yote ya wanafunzi yalimimina maji yao katika chupa moja kubwa, ikaachwa ikauke, ili kesho yake wazione fuwele nyeupe za kafeini. Kesho yake wakakuta tope la kahawia. Darasa zima likapewa alama za chini, na habari ikafika kikao cha idara. Mkuu wa idara alipouliza kulikoni, yule mwalimu alisema hajui, hatua zote walizifuata. Profesa siku zile alikuwa amelewa sifa. Akasema kwa sauti ya kusikika, "Mtu akishindwa kutoa kafeini kwenye chai, mpeni birika atupikie. Huenda tukapata hata rangi."

Watu walicheka mpaka mkuu akagonga meza. Yule mwalimu naye alicheka kidogo, kwa adabu, akiangalia mikono yake. Tangu siku ile akaitwa Majani. Muhula haukuisha akawa amenyang'anywa maabara, akapewa kazi ya kupanga ratiba za mitihani. Profesa hakuona kwamba amefanya jambo. Kwake ulikuwa ni utani tu, na utani hauna mwenyewe.

Sasa, dawa haitambuliwi kwa kuua konokono peke yake. Lazima ijulikane imejengwa vipi, atomu gani imekaa karibu na atomu gani. Mashine ya chuo ambayo ingetoa fununu ilikuwa imeharibika, inasubiri kipuri kutoka ng'ambo. Profesa alikuwa amekwisha kuchora ubaoni umbo kubwa la kupendeza, lenye pete nyingi, ambalo kwa maoni yake ndilo mamaini, na mkuu wa idara alikuwa amekwisha kulisifu mbele ya wageni na kudokeza habari ya kumpandisha cheo. Kulikuwa na mambo madogo yaliyomkera. Mizizi mipya aliyoichimba haikutoa tena fuwele hata moja. Na alipojaribu kuzipasha moto zile alizonazo ili ajue zinayeyukia wapi, zilipanda hewani kama moshi na kuganda juu ya kioo. Akasema mizizi ina misimu yake, na jiko lile ni bovu. Mtu akitaka kuamini, sababu hazimpungukii.

Iliyobaki ilikuwa njia ya eksirei. Katika mji mwingine, safari ya kutwa kwa basi, palikuwa na taasisi yenye mashine ya kupiga picha fuwele kwa miale hiyo, na aliyeiendesha walisoma naye darasa moja. Wenziwe wa chuo walimwita Miale toka zamani. Profesa alifunga kichupa chake kwa pamba na kusafiri nacho mfukoni mwa shati, upande wa moyo.

Miale alimpokea kwa kicheko. "Karibu, baba wa mamaini," alisema. "Nimesikia habari zako mpaka huku. Haya, mtoto yuko wapi?"

Chumba cha mashine kilikuwa na baridi ya kutia vipele. Mashine yenyewe ilikuwa kabati kubwa lenye milango ya kioo kizito, na ndani yake mdomo wa bomba la miale umeelekezwa kwenye ncha ya sindano, ambayo nayo hupulizwa hewa ya baridi kali isiyokatika. Miale alimwaga fuwele chache juu ya kigae, akainama kwenye hadubini.

"Zinakufa," akasema baada ya punde. Alimpisha naye achungulie. Zile nyuzi za hariri, zilizokuwa angavu kama kioo, zilikuwa zinaanza kugeuka nyeupe kama chaki kuanzia nchani. Miale akamweleza kwamba ndani yake mna maji, na zikikaa pakavu maji yanatoka na nyumba inaporomoka. Akaidondoshea mafuta fuwele moja iliyokuwa bado nzima, akaikata kipande kidogo kwa wembe, akakinasa kwenye kitanzi cha uzi mwembamba kuliko unywele na kukipachika penye baridi kabla hakijabadili nia. Mikono yake haikutetemeka hata kidogo. Profesa yeye alikuwa anatoka jasho katika baridi ile.

Taa nyekundu ikawaka juu ya kabati. Kipande kile kikawa kinazungushwa polepole katika miale, na kwenye skrini ya kompyuta yakaanza kutokea madoa, safu kwa safu, yamejipanga kama maharage ya fundi wa bao. Miale alipenda kueleza kazi yake. Fuwele, alisema, ni kama ghorofa lisilo na mwisho ambalo vyumba vyake vyote vimefanana, samani zile zile, mahali pale pale. Miale ya eksirei ikipita humo inarudi imetawanyika, na mtawanyiko wake ndiyo hayo madoa. Mpangilio wa madoa unakupa ukubwa wa chumba. Ukali wa kila doa, hili jeusi, hili hafifu, ndio unakwambia samani zimekaa wapi.

Kompyuta ikatoa ukubwa wa chumba. Miale aliutazama, akautazama tena, akageuka kuliangalia lile umbo ambalo Profesa alikuwa amemchorea kwenye karatasi.

"Huyu wako hatatosha humu," alisema. "Hata akikunja magoti."

Profesa alicheka, akasema labda mashine imekosea. Miale hakubisha. Alibonyeza kitufe kimoja, akatazama kitu upande wa skrini uliokuwa mbali na mgeni wake, kisha akakifunga upesi. Baadaye sana ndipo Profesa alipokuja kufahamu kwamba palikuwa na orodha ya vyumba vyote vilivyokwisha kupimwa duniani, na kwamba mwenzake alikuwa amekwisha kuujua ukweli na akakosa ulimi wa kuusema. Alichosema ni, "Tuiache imalize. Tukanywe kitu."

Waliporudi, madoa yalikuwa yamekamilika. Miale akaiamuru kompyuta ipige hesabu, na kwenye skrini nyeusi ikatokea ramani, vilima vidogo vya mahali ambapo elektroni zimejazana, na juu ya kila kilima kitone. Hapo hapakuwa na pete nyingi. Palikuwa na pete moja ya pembe sita, na ubavuni mwake imegandana nyingine ya pembe tano. Miale alivitia rangi vitone kimoja kimoja, kijivu kwa kaboni, buluu kwa nitrojeni, nyekundu kwa oksijeni. Nitrojeni nne. Oksijeni mbili zimechomoza nje. Vijitawi vitatu vya kaboni, kila kimoja kimeshika nitrojeni yake. Na pembeni, peke yake kama mgeni asiyekaribishwa, kitone chekundu cha maji.

Profesa alilijua umbo lile. Alikuwa akilichora ubaoni kila mwaka, kwa miaka, kabla zoezi la mwaka wa kwanza halijapewa mtu mwingine.

Ikamjia asubuhi ile yote, wazi kama picha. Alikuwa wa kwanza kufika. Ndani ya kabati la kutolea moshi palikuwa na chupa mbili za namna moja, zimekaa bega kwa bega. Majina ya chupa hizo yalikuwa yameandikwa kwa kalamu ya wino, na dawa ya kuyeyushia ilikuwa imechuruzika usiku na kuyafuta yote mawili. Moja ilikuwa na tope. Moja ilikuwa na fuwele. Alisimama pale, na moyo wake haukuuliza swali hata moja. Alichukua kalamu akaandika jina lake kwenye chupa ya fuwele.

"Unaijua?" Miale aliuliza kwa sauti ya chini.

"Naijua."

"Kafeini."

Profesa alitaka kusema kitu cha kisomi, kwamba huenda mmea nao una kafeini, iko mimea mingi yenye kafeini. Lakini tope la kahawia lilikuwa limesimama mbele ya macho yake, na mwanamke mpole anayetazama mikono yake.

Badala yake alisema neno ambalo hata baadaye, akilikumbuka yuko peke yake njiani, lilimfanya agune kwa sauti. Alisema, "Miale, nakuomba. Andika kwamba fuwele iliharibika safarini."

Miale alivua miwani akaiweka mezani. "Kipimo hiki ni safi kuliko vyote nilivyopima mwaka huu," alisema. "Unataka niitukane fuwele ya watu?"

"Mama yangu amekwisha kuwaambia watu."

"Mama yako siye aliyeleta hicho kichupa."

Mashine ilikuwa inavuma. Mwisho Miale akasema kwamba uongo hataandika, si kwa ajili yake wala kwa ajili ya ndugu yake wa tumbo moja. Lakini hataandika chochote wala kumwambia mtu mpaka mwenyewe aseme. Alimsindikiza mpaka mlangoni, na pale hakumtania tena. Utani ule ulipokosekana ndipo Profesa alipojua ameonekana mdogo kiasi gani. Waswahili husema aibu ya maiti aijuaye mwosha.

Alirudi na kichupa chake mfukoni. Mama akamuuliza, akajibu, "Bado wanapima." Mkuu wa idara akamuuliza, akajibu vivyo hivyo. Kinyozi akamuuliza, kinyozi! Akavaa miwani ya mbao na kuendelea kupita mtaani, lakini ile "Shikamoo Profesa" sasa ilimchoma kama upupu, akaanza kupitia uchochoro wa nyuma. Chuoni alipokutana na Majani ukumbini, mikononi ana karatasi za ratiba, alijitia anatafuta kitu mfukoni. Angeweza kumwambia siku ya kwanza. Siku ya kwanza ilipopita ikawa ngumu zaidi, na ya pili ikaitia ya kwanza uzito. Uongo wake haukuwa na maneno mengi, ulikuwa ni "bado" tu, na kila "bado" ilikuwa tofali.

Kisha mkuu wa idara, kwa haraka ya kutaka sifa, akaitisha siku ya wakulima. Aliwaalika wanawake wa kikundi cha mboga na watu wa vikundi vingine, viti vikapangwa katika ukumbi mkubwa, na kwa kuwa aliyezoea kupanga mambo ni Majani, akaagizwa asimamie pia chai ya wageni. Profesa alimwona akipita kati ya viti na birika, akiinama kwa kila mgeni. Mama yake alikuwa amekaa mstari wa mbele, gauni jipya, kilemba kimefungwa kikafungika, kikombe kimetulia magotini. Mkuu alisimama akasema mamaini itagawiwa kwa majaribio bustanini kabla ya mvua. Mwenyekiti wa kikundi naye akasimama, akamshukuru Mungu kwa kuwapa mtoto kama yule, akamwombea mama maisha marefu. Watu wakapiga makofi. Profesa akaitwa mbele.

Alikuwa amepanga kusema utafiti unaendelea. Alifungua kinywa, akamwona mama yake anatabasamu, na nyuma ya mama yake Majani amesimama na birika lake akingoja makofi yaishe ili apite. Maneno aliyoyapanga hayakutoka.

"Ile dawa nimeipima," alisema. "Si kitu kipya. Ni kafeini. Ni kile kile kilichomo vikombeni mwenu."

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Walidhani anatania. Mzee mmoja akainua kikombe chake akauliza kama basi konokono wamwagiwe chai ya rangi au ya maziwa, na kicheko kikazidi. Hata mama yake alicheka, mkono mdomoni, bega likimtikisika.

Profesa akangoja. Hajawahi kungoja kitu kirefu kama kicheko kile. Kilipopungua akasema tena, safari hii polepole, kwamba hatanii. Chai haitoshi kuua konokono, alisema, lakini mizizi ya mfereji haina habari na jambo hili. Fuwele zilikuwa za darasa la mwaka wa kwanza. Majina ya chupa yalifutika, naye akaichukua isiyo yake kwa sababu ilikuwa nzuri, wala hakuuliza. Tope alilosingiziwa mwalimu wa darasa lile lilikuwa tope lake yeye. Akamtaja yule mwalimu kwa jina lake la kweli, lile ambalo watu wa idara walikuwa wameanza kulisahau, na akasema kwamba jina lile lingine alilianzisha yeye, na kwamba ukweli huu alikuwa nao tangu aliporudi safari akaukalia.

Majani aliliweka birika juu ya kiti kitupu, akatoka nje bila kuharakisha. Mkuu wa idara akasimama akasema wageni wamalizie chai, halafu akasikia mwenyewe alichosema, akakaa.

Mama yake aliongozana naye mpaka nyumbani. Alivua kilemba, akakikunja vizuri, akakiweka juu ya meza. Profesa alianza kuomba radhi, mama akamnyamazisha kwa mkono.

"Ungeniambia mimi kwanza," alisema. "Nimecheka na wale watu. Nimecheka, mwanangu, na kumbe anayechekwa ni mimi."

Hakumkasirikia zaidi ya hapo, na hakumfariji. Kesho yake alikwenda bustanini kama kawaida, kuokota konokono kwa mkono na kuwatia ndooni, na wenzake, kwa alivyosimulia mwenyewe baadaye, walimpisha mstari wake bila kumuuliza kitu. Huruma yao ilimuuma kuliko swali.

Habari ya cheo ikafa palepale. Profesa alimpigia simu Miale, akamwambia aandike alichokiona, na Miale akajibu, "Haya, ndugu yangu," kwa sauti iliyokuwa imerudi karibu na ile ya zamani. Mizizi ya mfereji ilijaribiwa upya, mara hii na watu wawili na chupa zilizofungwa lebo za karatasi, na haikumdhuru konokono hata mmoja. Konokono walikizunguka kile kichaka, ilikuja kuonekana, kwa sababu shina lake lina manyoya makali tu.

Majani alikaa siku kadhaa bila kumtazama. Halafu akamwita ofisini kwake, chumba kidogo kilichojaa ratiba ukutani, wala hakumpa kiti.

"Ulinivunjia heshima mbele za watu, na mbele za watu umekiri," alisema. "Hilo tuliache. Lakini mimi nilikuwa na darasa. Walipewa alama za kushindwa kwa kazi waliyoifanya sawasawa. Umewahi kuwafikiria?"

Hakuwa amewafikiria. Katika aibu yake yote, aliyoikesha, aliyoibeba mitaani kwa uchochoro wa nyuma, hakumwona hata mwanafunzi mmoja. Aibu yenyewe ilikuwa imekaa mbele ya kioo ikijitazama. Alisimama pale, na kwa mara ya kwanza hakujua aweke wapi mikono yake.

Waliongozana wawili mpaka kwa mkuu, na alama zikarekebishwa. Wengi walikuwa wamekwisha kufidia kwa mitihani mingine. Mmoja hakufidia. Ni msichana aliyekuwa anakaa karibu na dirisha, Majani alisema, mwenye kuuliza maswali mengi, na baada ya zoezi lile akaacha kuuliza, kisha akaacha kuja. Sasa alikuwa kwa shangazi yake, fundi cherehani, kwenye barabara ya nyuma ya soko. Majani alitaka kumwandikia. Profesa akasema ataenda mwenyewe.

Duka lilikuwa jembamba, vitambaa vimening'inia mpaka sakafuni, vyerehani viwili vinapokezana kelele. Msichana alikuwa anashona vifungo. Hakumjua mgeni. Kwake yeye Profesa hakuwa mtu wa kumchukia wala kumwogopa, alikuwa mwanamume mwenye shati la kupigwa pasi aliyesimama mlangoni na kuzuia mwanga. Akamweleza. Alieleza vibaya, alianzia katikati, akarudi nyuma, akataja eksirei kabla ya kutaja chupa. Msichana aliendelea kushona mpaka alipoelewa, ndipo sindano ikasimama.

"Kwa hiyo hatukukosea," alisema.

"Hamkukosea. Kafeini yenu ilikuwa safi sana. Aliyeipima anasema hajaona fuwele nzuri kama zile mwaka mzima."

Msichana aliinamisha kichwa juu ya kile kifungo kwa muda, kidole gumba kinakisugua. Profesa alisema amekuja kumwomba radhi, kwamba ana aibu kubwa.

"Aibu yako mimi niifanyeje, mwalimu?" alimuuliza, bila ukali, kama anayeuliza kweli.

Msichana alirudi chuoni muhula uliofuata, akakaa tena karibu na dirisha, lakini hayo ni ya baadaye. Siku ile alichofanya ni kugeuka kwenye cherehani cha pili na kusema, "Shangazi, hebu simamisha kidogo. Ulisema mimi ni mvivu, ndiyo maana nimeshindwa masomo. Huyu mwalimu ana maneno, nataka uyasikie kwa masikio yako."

Shangazi alikuwa mwanamke mkubwa, kipimo cha nguo shingoni, pini mdomoni. Alizitoa pini moja moja, akazichomeka kwenye mto, akasukuma kigoda kwa mguu mpaka kikamfikia mgeni. Profesa akakaa, magoti yake karibu yagusane na kidevu, vipande vya vitambaa vimemzunguka miguuni. Akaanza tena, safari hii kutoka mwanzo, kwa mpangilio. Alipofika mahali pa kalamu, shangazi akamkatiza kwa kidole.

"Hapo," alisema. "Ulipoziona chupa hazina majina, ulifanya nini? Rudia hapo."

Akarudia.